Kadi au simu ukiwa ugenini: njia nne za kulipa kwa vipimo vilevile

Kabla ya kulinganisha, tutenganishe mambo mawili ambayo wasafiri wengi huyachanganya. Simu unayoigusisha kwenye mashine ya malipo kwa Apple Pay, Google Pay au Samsung Pay haina pesa zake yenyewe. Imebeba kadi ya benki tu, na kiwango cha kubadilishia fedha, makato na kikomo cha matumizi vyote vinatoka kwenye kadi hiyo. Pesa za simu kama M-Pesa, au pochi za kuskani kama Alipay na WeChat Pay, ni habari nyingine: pesa hupita kwenye mfumo wa kampuni ya pochi, na kadi, kama ipo, imejificha nyuma yake. Kwa hiyo mtu akisema "mimi nitalipa kwa simu", bado hajasema pesa zitatoka wapi.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: kadi ya debiti, ambayo hukata pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako, kadi ya mkopo, ambayo benki hulipa kwanza nawe ukairudishia baadaye, kadi iliyowekwa ndani ya simu, na pochi ya simu inayotumika katika nchi unayokwenda. Kadi ya kujaza pesa kabla ya safari inafanana na debiti kwa mengi, kwa hiyo itatajwa pale tu inapotofautiana nayo.

Vipimo navyo ni vinne. Inapokewa wapi? Inakata kiasi gani? Ikipotea au ikiibiwa, nini kinafuata? Na inahitaji nini ili ifanye kazi: PIN, betri, intaneti, laini? Watu hujiuliza viwili vya kwanza nyumbani, na viwili vya mwisho wakiwa wamesimama mbele ya mashine iliyowakatalia.

Inapokewa wapi

Kadi yenye nembo ya Visa au Mastercard, iwe ya debiti au ya mkopo, ndiyo inayofungua milango mingi zaidi. Hata hivyo kuna milango iliyofungwa kabisa. Visa na Mastercard zilisitisha shughuli zao Urusi Machi 2022, na tangu hapo kadi zao zilizotolewa nje ya nchi hiyo hazifanyi kazi humo. Iran nayo iko nje ya mitandao hiyo. Kuna pia milango ya nusu: Ujerumani, baadhi ya maduka hupokea girocard, kadi ya mfumo wa ndani wa nchi hiyo, na si kadi nyingine. Muuzaji akikwambia "tunapokea kadi", tafuta nembo iliyoko kwenye kadi yako mlangoni au kwenye mashine. Neno "kadi" peke yake halitoshi.

Kati ya debiti na mkopo, tofauti hujitokeza mahali maalumu. Kwenye ATM debiti ndiyo yenyewe. Kwenye kaunta ya kukodisha gari mambo hugeuka, kwani kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na atakayekuja na debiti anaweza kudaiwa amana kubwa zaidi au kukataliwa papo hapo. Mashine zisizo na mhudumu, kama za vituo vya ushuru wa barabara au za mafuta, nazo huchagua. Baadhi yake huidhinisha malipo bila kuuliza benki, na kadi ambayo ni lazima isomwe salio kwanza, yaani debiti nyingi na karibu kadi zote za kujaza, hutemwa nje hata kama ina pesa tele. Marekani, pampu nyingi za mafuta huuliza msimbo wa posta wa mwenye kadi. Kwa kuwa kadi ya kigeni haina msimbo wa huko, ingia ndani ulipie kwa mhudumu kabla ya kujaza.

Kadi ndani ya simu hufanya kazi karibu popote penye alama ya mawimbi manne ya kugusisha, hata kama muuzaji mwenyewe hajui kwamba mashine yake inaweza. Inapokosa nguvu ni kwenye ATM, ambazo nyingi bado zinataka kadi iingizwe, na kwenye nchi zinazoendeshwa kwa QR, ile misimbo ya mraba unayoiskani kwa simu. Japani ni mfano wa pekee. Suica, kadi ya usafiri inayotumika pia madukani, inaweza kuwekwa kwenye iPhone 8 au toleo lolote la baadaye hata kama simu ilinunuliwa nje, ilhali simu nyingi za Android zilizouzwa nje ya Japani haziwezi.

Pochi za wenyeji ndizo zenye tofauti kubwa kati ya nchi na nchi. China ni vigumu kuishi bila Alipay au WeChat Pay, na tangu 2023 mgeni anaweza kujisajili kwa pasipoti na kuunganisha Visa au Mastercard yake. Atalipa madukani, kwenye teksi na kwenye treni. Kumtumia mtu binafsi pesa kwa kadi ya kigeni mara nyingi hakuwezekani, na hapo ndipo wageni hukwama kwa wachuuzi wadogo wanaoskaniwa msimbo wao wa binafsi badala ya msimbo wa biashara. India wana UPI, mfumo wa kulipana kwa simu, iliyoanza 2016 juu ya akaunti za benki za huko. Mgeni huipata kupitia UPI One World, pochi ya kujaza inayofunguliwa kwa pasipoti na viza. Pix, mfumo wa malipo ya papo hapo wa Brazili uliozinduliwa Novemba 2020, kwa kawaida hutaka akaunti ya taasisi ya fedha ya Brazili, kwa hiyo msafiri wa siku kumi hana sababu ya kuhangaika nayo. Kenya, ambako M-Pesa ilianza 2007, njia ya mgeni ni kusajili laini kwa pasipoti kisha kuweka pesa kwa wakala.

Makato

Hapa ndipo pesa hupotea bila kelele, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukilipa kwa kadi nje ya nchi kuna tabaka hadi nne. La kwanza ni kiwango cha Visa au Mastercard chenyewe. Kampuni hizo huonyesha viwango vyao vya kila siku kwenye tovuti zao, na kwa kawaida haviko mbali na bei ya soko. La pili ni makato ya benki yako kwa muamala wa fedha za kigeni, mara nyingi kati ya asilimia 1 na 3. Benki nyingine hazikati kitu, na kadi ya namna hiyo ina thamani kuliko zawadi na pointi zote zinazotangazwa. La tatu ni ada ya mwenye ATM. La nne ni lile unaloweza kulikataa kwa kidole kimoja: kubadilishiwa fedha na mashine.

Linakuja hivi. Mashine inasoma kadi yako, inajua umetoka wapi, inakuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya kwenu. Swali linaonekana la kirafiki, na kiasi unachokielewa kiko mbele yako. Ukikubali, ubadilishaji haufanywi tena na Visa wala Mastercard. Unafanywa na kampuni inayoihudumia mashine ile, kwa kiwango chake, na faida yake imo ndani ya kiwango hicho. Chukua bili ya euro 200. Benki inayokata asilimia 2.5 itakugharimu euro 5 juu. Kiwango cha mashine chenye nyongeza ya asilimia 6 kitakugharimu euro 12, na benki nyingine bado zitakata ada yao juu ya hapo kwa sababu tu muuzaji yuko nje. Chagua fedha ya nchi uliko, kila mara. Muuzaji akikubonyezea bila kukuuliza, mwombe afute muamala aanze upya kabla hujaondoka. Risiti itakuonyesha, kwani itakuwa na fedha mbili na kiwango cha kubadilishia. Kwenye ATM kitufe hupangwa kwa ujanja zaidi: "kubali ubadilishaji" kikubwa na chenye rangi, "endelea bila kubadilisha" kidogo pembeni. Kukataa hakufuti muamala. Pesa zitatoka vilevile.

Ada ya mwenye ATM mara nyingi haibadiliki hata ukitoa kidogo, na hilo hubadilisha hesabu. Thailand mashine nyingi hutoza kadi ya kigeni baht 220 au zaidi kwa kila mara. Ukitoa baht 2,000, ada hiyo ni asilimia 11. Ukitoa 20,000, ni asilimia 1.1. Pale penye ada ya aina hii, toa mara chache na kwa kiasi kikubwa unachoweza kukihifadhi salama.

Debiti inafaa kwa kazi hiyo. Kadi ya mkopo haifai, kwa sababu kutoa pesa taslimu kwa mkopo huhesabiwa kama kukopa fedha. Kuna ada yake, na kwa kawaida riba huanza kuhesabika siku ileile, bila zile wiki za bure unazopewa kwenye manunuzi. Kadi ya kujaza kabla huja na makato yaliyotawanyika, ya kujaza, ya kutoa, wakati mwingine ya kukaa bila kuitumia, hivyo isome karatasi yake yote kwanza. Baadhi ya huduma zenye akaunti za fedha nyingi huongeza asilimia fulani wikendi, masoko ya fedha yanapokuwa yamefungwa. Badilisha siku ya Ijumaa mchana kama unajua utatumia Jumamosi.

Kadi ndani ya simu haina makato yake. Makato ni ya kadi iliyomo ndani yake, basi. Pochi za wenyeji ndizo zinazoweza kurundika ada juu ya ada. Alipay na WeChat Pay hazitozi muamala wa kadi ya kigeni ulio chini ya yuan 200, lakini kuanzia hapo kwenda juu hukata asilimia 3, na benki yako nayo inaweza kukata ya kwake. Kwa kahawa na nauli, pochi ni bure. Kwa hoteli ya siku nne, kadi halisi kwenye mapokezi huenda ikawa nafuu zaidi, kama wanaipokea.

Jambo moja dogo ambalo huwaudhi watu: ukirudisha bidhaa, pesa hurudi kwa kiwango cha siku ya kurudishwa, si cha siku uliyonunua. Unaweza kupokea pungufu, au zaidi, bila mtu yeyote kukudhulumu.

Tena kuna pesa zinazozuiwa bila kukatwa. Hoteli, magari ya kukodi na pampu za mafuta huomba benki ishikilie kiasi fulani kama dhamana. Kwenye kadi ya mkopo hilo hupunguza nafasi yako ya kukopa tu. Kwenye debiti zinazoshikiliwa ni pesa zako za kula, na kuachiliwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa hata baada ya kurudisha gari salama. Wengi wanaodhani wameibiwa siku ya tatu ya safari wamezuiliwa tu.

Ikipotea au ikiibiwa

Debiti ina udhaifu mmoja mkubwa. Mwizi akiitumia, zinazoondoka ni pesa zako, nawe unaanza kudai akaunti ikiwa tupu. Dawa ni kutosafiri na debiti ya akaunti yako kuu. Fungua akaunti ya pili, weka humo pesa za siku chache, jaza upya kupitia programu ya benki. Kwa kadi ya mkopo mzozo unakuwa juu ya pesa za benki, na wewe unapinga muamala kabla hujaulipa.

Kadi ndani ya simu ndiyo ngumu zaidi kuibiwa kwa namba. Muuzaji haoni namba halisi ya kadi. Simu hupeleka namba mbadala iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hiyo, pamoja na msimbo wa mara moja, na malipo ya dukani kwa kawaida huhitaji uso, kidole au namba ya kufungulia. Simu ikipotea, unaiwekea alama ya kupotea kwa mbali na malipo yake yanasimama, huku kadi halisi iliyoko begini ikiendelea. Hatari yake ni nyingine: aliyechungulia namba yako ya kufungulia simu kisha akaipora, ameshika benki, barua pepe na malipo kwa pamoja. Usiiandike namba hiyo hadharani ukiwa kwenye umati. Fungua kwa uso au kidole.

Ulizia benki yako swali hili kabla ya safari: nikifungia kadi kwa muda kwenye programu, je, ile iliyoko kwenye simu inafungwa pia? Benki hazijibu sawa.

Pochi ya wenyeji imefungwa kwenye simu na namba. Kama uliisajili kwa laini ya huko na laini ikaisha muda, kuirejesha ukiwa kwenu ni kazi ngumu. Punguza salio siku mbili tatu za mwisho, au litoe kwa wakala kabla ya kwenda uwanja wa ndege.

Inahitaji nini ili ifanye kazi

Kadi inahitaji PIN, na hapa watu huanguka kwa njia za kijinga. Mwenye kadi ya mkopo aliyezoea kugusisha huenda hajawahi kuijua PIN yake. Katika nchi nyingi za eneo la euro mashine hudai PIN ukigusisha kiasi kinachozidi euro 50. Uingereza ilipandisha kikomo chake kutoka pauni 45 hadi 100 Oktoba 2021. Bila PIN, kadi hiyo ni ya kununulia vitu vidogo tu. Wenye PIN ya tarakimu sita wajue kuna mashine zinazopokea nne pekee, na wanaoikumbuka kama neno la herufi waigeuze kuwa tarakimu, kwani mashine nyingi hazina herufi kwenye vitufe. Ukikosea mara mbili, acha. Mara ya tatu kwa kawaida hufunga kadi.

Simu iliyothibitishwa kwa uso au kidole mara nyingi haifungwi na kikomo hicho cha kugusisha, na hiyo ni faida yake kubwa isiyosemwa sana. Inataka betri. Intaneti si lazima wakati wa kugusisha kwa Apple Pay. Google Pay nayo hukubali malipo machache bila mtandao kabla ya kudai kuunganishwa. Kinachotaka mtandao ni kuiweka kadi kwenye simu mara ya kwanza, na benki nyingi huthibitisha kwa ujumbe unaotumwa kwenye laini yako. Fanya kazi hiyo nyumbani.

Ujumbe huohuo ndio unaowatesa walionunua eSIM (laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kuingiza) ya data pekee na kuitoa laini ya nyumbani. Malipo ya mtandaoni yanaomba msimbo, msimbo unakwenda kwenye laini iliyo kwenye droo. Iache laini ya kwenu ikiwa hewani, zima data yake tu, tumia data ya eSIM. Kama benki yako huruhusu kuidhinisha ndani ya programu badala ya ujumbe, badilisha mpangilio huo kabla ya kuondoka. Pesa za simu za kwenu zinazotegemea menyu ya kubonyeza nyota na reli hutegemea pia mkataba wa kampuni yako na mtandao wa ugenini, na huweza kufa kabisa ukivuka mpaka.

Pochi za QR zina njaa zaidi: betri, data, na mara nyingine uthibitisho wa pasipoti ambao unaweza kuchukua muda. Sakinisha, sajili na jaribu kuunganisha kadi wiki moja kabla.

Kwenye usafiri wa mjini kuna kosa la aina yake. London, ukigusisha kadi kuingia na simu kutoka, mfumo huona wasafiri wawili ambao hawakumaliza safari, na wote wawili hutozwa nauli ya juu kabisa. Hata kama simu imebeba kadi ileile, namba yake mbadala ni tofauti. Anza na kimoja, maliza nacho.

Chagua kulingana na safari yako

Siku chache kwenye miji ambako kugusisha ni kawaida: kadi isiyo na makato ya fedha za kigeni ndani ya simu kwa kila siku, na debiti halisi kwenye begi jingine kwa ajili ya ATM. Kadi ya simu na kadi halisi zikiwa za akaunti moja, benki ikifunga moja kwa shaka ya wizi huenda zikafa zote mbili. Ziwe za benki mbili.

Utakodisha gari au kulala hoteli zinazodai dhamana: kadi ya mkopo yenye nafasi ya kutosha na PIN unayoijua, hata kama matumizi mengine yote utafanya kwa debiti.

China: Alipay au WeChat Pay, ikiwezekana zote mbili zikiwa na kadi tofauti, pamoja na yuan taslimu kidogo kwa wachuuzi wa msimbo binafsi.

Vijijini, masokoni au nchi ambako fedha taslimu bado ndiyo mwenye nyumba: debiti yenye ada ndogo za ATM ndiyo itakayokufaa. Toa pesa kwenye ATM iliyo ndani ya benki wakati wa kazi. Mashine ikimeza kadi, kuna mtu wa kumwambia.

Mwezi mmoja au zaidi mahali pamoja: laini ya huko na pochi ya wenyeji huanza kulipa usumbufu wa kusajili, hasa pale ambapo hata muuza mboga anapokea pesa kwa simu.

Una debiti moja tu na huna muda wa kufungua nyingine: panga kikomo cha matumizi cha kila siku kwenye programu ya benki, zima malipo ya mtandaoni hadi utakapoyahitaji, na beba taslimu ya siku mbili katika fedha inayobadilishika kirahisi, mbali na pochi.

Mkisafiri wawili, mmoja abebe Visa na mwingine Mastercard, na kila mmoja awe na ya ziada ya mwenzake ndani ya begi lake.